Makofi Si Mizani

Kila baada ya miaka mitano sisi Wakenya huwa kama watu waliolishwa kitu. Mtu ambaye jana alibishana na muuza sukumawiki kwa ajili ya shilingi tano, leo anasimama juani saa nne nzima akisikiliza mabilioni yakitajwa jukwaani, wala haulizi hata swali moja. Mabilioni ya nani? Yatatoka wapi? Nani aliyeyahesabu? Haulizi. Anapiga makofi, anapokea fulana na kofia, anarudi nyumbani akiimba. Nasema bila ya kumung'unya maneno: kosa si la yule aliye juu ya jukwaa peke yake. Bidhaa mbovu haikai sokoni miaka mingi kama haina wanunuzi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba wanasiasa wote ni waongo, na kumpima mwongo ni kupoteza wakati. Hoja hii hupendwa sana na watu wanaojiona werevu, lakini kwa maoni yangu hakuna hoja inayomfurahisha mwongo mkubwa kuliko hiyo. Ukishasema wote ni waongo, umemweka sawa yule aliyezidisha chumvi kidogo na yule aliyezua jambo zima kutoka hewani. Ni kama kusema hapana tofauti baina ya mchuuzi anayepunja unga kijiko kimoja na yule anayeuza chokaa kwa jina la unga. Na maadamu maneno yao hayana uzito tena machoni pako, utamchagua mtu kwa kilichobaki: kabila lake, sura yake, au wimbo wake wa kampeni.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya wataalamu. Kweli, wako watu wanaoifanya. Shirika la Africa Check lilianzishwa mwaka 2012, na baadaye likaja PesaCheck. Kazi yao ni kuchukua dai la mkubwa, kutafuta takwimu, na kueleza kama ni kweli au si kweli. Nawaheshimu. Lakini mpaka wao wamalize kupekua vitabu vya serikali, uwongo umekwisha kupanda matatu, umeshuka kituo cha mwisho, na umelala nyumba kumi. Ama magazeti yetu, mengi hujitosheleza kwa kuandika kwamba fulani amesema hivi na mpinzani wake amekanusha, kisha wakaita huo ni usawa. Hebu fikiria mwenye mizani sokoni: muuzaji anasema samaki huyu ana kilo mbili, mnunuzi anasema ana kilo moja na nusu, na yeye anaandika tarakimu zote mbili kwenye daftari, anafunga kibanda na kwenda zake. Utamlipa kwa kazi gani?

Kwa hiyo narudi kwa mpiga kura mwenyewe. Tuchukue kampeni za mwaka 2022. Marehemu Raila Odinga aliahidi kwamba jamaa milioni mbili zilizo maskini zingepewa shilingi 6,000 kila mwezi. Ahadi tamu, na mwenye huruma hawezi kuidharau. Lakini karani yeyote wa duka angeweza kuipigia hesabu: 6,000 mara miezi 12 ni 72,000, mara milioni mbili ni shilingi bilioni 144 kwa mwaka. Mwaka huo wa fedha, kaunti zote 47 zilitengewa mgao wa bilioni 370 kutoka katika hazina ya taifa. Ahadi moja basi ilizidi thuluthi ya fungu la kaunti zote, au tuseme wazi, karibu shilingi 39 katika kila 100. Je, zingetoka katika dawa, katika barabara, au katika kodi mpya? Upande wa pili, William Ruto na wenzake waliandika katika manifesto yao kwamba zingejengwa nyumba 250,000 kila mwaka. Gawanya kwa siku 365, utapata zaidi ya nyumba 680 kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo. Mafundi wangapi? Saruji kiasi gani? Viwanja viko wapi?

Sisemi kwamba ahadi hizo zilikuwa uwongo. Ahadi si uwongo siku inapotolewa, kwa sababu siku yake haijafika. Lakini ahadi ina bei, na bei yake inaweza kujulikana siku ile ile. Anayeficha bei anakukopesha usichokijua, na deni utalilipa wewe.

Wala usidhani ni lazima uwe na shahada. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule za serikali. Mzazi yeyote angeweza kusimama nje ya shule ya kijijini kwake akainua macho kutazama kama kuna waya wa umeme unaoingia. Shule nyingi za msingi zilikuwa hazina. Jicho moja tu lilitosha kujua kwamba safari ingekuwa ndefu, na kweli ilikuwa ndefu: ilipofika 2016 ndipo vifaa vilipoanza kugawiwa, tena si zile kompyuta zilizotajwa jukwaani bali vibao vya kugusa kwa kidole.

Sasa nifike mahali panapouma. Wengi wetu tunajua sana kuhakiki, lakini tunahakiki upande mmoja. Mgombea wa wenzetu akikosea tarakimu moja, tunaikata vipande, tunaisambaza kwenye simu kabla chai haijapoa. Wa kwetu akikosea kumi, tunasema alikuwa amechoka, au amenukuliwa vibaya, au ati hiyo ndiyo siasa. Mizani inayotumika kumpima adui peke yake si mizani, ni rungu. Anayestahili kukaguliwa kwanza ni yule utakayempa kura, kwa kuwa yeye ndiye anayetaka kutumia jina lako.

Nitoe mfano. Tarehe 15 Agosti 2022 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alimtangaza Ruto mshindi. Makamishna wanne katika saba waliyakana matokeo hayo, na siku ya pili makamu mwenyekiti akaeleza kwamba asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000. Nchi ikatetemeka. Katika baraza letu la kahawa hapa Mombasa, mzee mmoja alisimama akaapa kwamba kura laki moja na elfu arobaini na mbili zimeibwa mchana. Kijana muuza kahawa, ambaye kutwa kucha huhesabu vikombe, akauliza kwa adabu:

"Samahani mzee wangu, 0.01 katika mia si ni moja katika elfu kumi?"

"Ndiyo, kwani vipi?"

"Na kura halali zilikuwa kama milioni kumi na nne na laki mbili. Ukizigawa kwa elfu kumi ni elfu moja mia nne na ishirini, mzee. Si laki."

Hata hizo 1,420 hazikuwa kura za mtu. Zilitokana na kukaribisha desimali, yaani 50.49, na 48.85, na 0.44, na 0.23, kila moja ikisukumwa kidogo ili ibaki na tarakimu mbili tu. Unadhani kijana alishukuriwa? Mzee alimkazia macho akamwuliza, "Wewe umelipwa na nani?" Naye akajibu, "Bado sijalipwa mzee wangu, una vikombe vitatu." Watu wakacheka, lakini mimi lile swali la mzee lilinikaa moyoni. Tumefika mahali ambapo mtu akigawa kwa usahihi huulizwa nani amemtuma.

Huenda msomaji akasema nimefanya jambo dogo kuwa kubwa, desimali tu. Namkumbusha mwaka 2007. Tarehe 30 Desemba matokeo yalitangazwa na rais akaapishwa jioni ile ile, huku kila upande ukiwa na tarakimu zake na hakuna mwananchi aliyeweza kuzikagua. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata, na malaki wakakimbia makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilipochunguza mwaka 2008, ilisema hesabu zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Yaani watu walikatana mapanga kwa ajili ya tarakimu ambazo hata majaji hawakuweza kuzifahamu! Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Sisi tulipoteza watu.

Mwaka 2022 daftari lilikuwepo. Fomu za vituo 46,229 zilianikwa hadharani, na mwenye simu na subira angeweza kujumlisha mwenyewe. Uwezo huo haukushuka kama mvua, na unaweza kuondolewa. Jirani zetu Watanzania waliuonja upande wa pili: mwaka 2018 sheria yao ya takwimu ilirekebishwa ikawa ni kosa kutangaza takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi, mpaka kifungu hicho kikalegezwa mwaka 2019. Hapa kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 iko sheria ya kuitekeleza. Lakini haki isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani, halilimi.

Basi ndugu msomaji, sikuombi umchukie mgombea wako. Mpende ukitaka. Lakini atakapokuja tena uwanjani na mabilioni yake, chukua kalamu, uandike tarakimu aliyoitaja na tarehe aliyoitaja. Zidisha, gawanya, uliza zitatoka wapi, na jioni uwasomee jirani zako ulichokipata, hata kama ni cha aibu kwa upande wako. Wakikuuliza nani amekutuma, waambie umetumwa na bei ya unga. Na siku yule mheshimiwa atakapojua kwamba katika umati ule wako watu mia wenye kalamu mifukoni, ataanza kuhesabu yeye mwenyewe kabla ya kupanda jukwaani.