Utafiti wa miti yetu usiishie rafuni Makerere

Tangu Rais Yoweri Museveni atoe agizo la Mei 2023 la kupiga marufuku makaa ya biashara katika Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile, wengi wamelichukulia suala hili kuwa la polisi. Lori likamatwe, magunia yateremshwe, basi. Mimi naona ni suala la elimu pia, tena elimu ya juu kabisa.

Hapa Wandegeya kuku huchomwa na chapati za rolex hugeuzwa juu ya makaa hadi usiku. Hakuna mteja anayeuliza makaa hayo yalikuwa mti gani. Huko kaskazini, mojawapo ya miti inayoishia kwenye tanuri ni mshea, ule unaotoa mafuta ambayo Waacholi huyaita moo yaa. Kwa kawaida mti huu haupandwi. Mkulima huuacha umesimama shambani anapofyeka mingine, nao huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Mzazi anayeukata leo alipe karo, mwanawe atakuwa mtu mzima kabla mwingine haujazaa mahali pale.

Ninyi mliorudi kutoka kambini mnalijua hili kuliko profesa yeyote. Vita vya Joseph Kony vilipopamba moto, watu wapatao milioni 1.8 waliishi kambini. Baada ya mapatano ya Juba ya kusitisha mapigano, Agosti 2006, familia zilianza kurudi kwenye mashamba yaliyogeuka pori. Wazee wengi waliojua mipaka walikuwa wamekwisha kufa. Nyumba hakuna, ng'ombe hakuna, kilichobaki ni miti. Kumwambia mtu huyo kwamba mti ni hazina ya dunia, bila kumwambia karo itatoka wapi, ni kumfanyia mzaha.

Sasa nani wa kumjibu? Mtaalamu wa mimea atahesabu miti iliyobaki, asijue kwa nini mingine ilikatwa. Mwanasheria atafungua Sheria ya Ardhi ya 1998, inayotambua umiliki wa kimila, asijue kwamba kwa desturi za sehemu nyingi mshea ulio shambani ni wa mwenye shamba, lakini chini ya ule ulio kwenye ardhi iliyopumzishwa wanawake wengine nao huokota kokwa. Mchumi atapiga hesabu ya gunia la makaa na kuyasahau mafuta yanayoliwa nyumbani bila kufika sokoni.

Ndiyo maana naunga mkono masomo ya uzamivu yanayounganisha taaluma mbalimbali: mwanafunzi mmoja, wasimamizi kutoka idara tofauti, na swali moja la jinsi ardhi itakavyolisha watu bila viumbe wake kutoweka.

Gharama ya kukosa jibu la namna hiyo tuliiona 2007, serikali ilipotaka kutoa hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa. Upande mmoja ulizungumza habari za ndege na mvua, upande mwingine sukari na ajira, na kila mmoja na hesabu zake. Aprili 12 mwaka huo watu waliuawa katika maandamano hapa Kampala.

Vifaa vya kazi hii tunavyo, na viko jirani kabisa na soko la Wandegeya. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza 1922, kina benki ya taifa ya takwimu za bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, na kituo cha utafiti cha Kanyawara katika msitu wa Kibale. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ulioanzishwa 2004 kuendeleza elimu ya kilimo, una makao yake hapo hapo. (Jina Wandegeya lenyewe latokana na endegeya, ndege wafumao viota waliokuwa wengi hapa zamani. Leo wengi ni bodaboda.)

Lawama yangu ni kwa kinachofuata baada ya joho kuvaliwa. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktaba, makala hutoka katika majarida ya ng'ambo, na mama aliyehojiwa nusu siku huko Kitgum hasikii tena habari zake. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia ndilo linalotoa vibali vya utafiti. Liweke sharti kwamba matokeo yafupishwe katika lugha ya waliohojiwa na kusomwa mbele yao, na asiyetimiza asipewe kibali kingine. Hilo halihitaji fedha za mfadhili.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wasiachwe nje. Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu yake ya umma Februari 2018, makaa ya Uganda yalitafutwa zaidi Busia. Mnunuzi ambaye kila mwaka hulazimika kulifuata gunia mbali zaidi anajua msitu upi umekwisha, na pengine amelijua hilo kabla picha za setilaiti hazijachambuliwa. Mtafiti anayemwendea kama mwizi atarudi na karatasi tupu.

Kwa hiyo mwanafunzi mwingine atakapofika Gulu au Busia na maswali yake, msimfukuze. Mkaribisheni, mpeni kiti, na kabla hamjamjibu muulizeni aliyemtangulia aligundua nini, na yeye majibu yake atayarudisha lini.