Kesi bila wakili: kompyuta haijui unachodai

Jirani yangu hapa Majengo ni mpishi wa harusi. Mwaka jana alipika biriani ya watu mia tatu kwa makubaliano ya shilingi 120,000. Alitangulizwa 36,000. Hizo 84,000 zilizobaki alizungushwa nazo miezi mitano, leo kesho, kesho kutwa. Alipochoka akaambiwa iko mahakama ya madai madogo, haihitaji wakili, na kesi inafunguliwa kwa kompyuta. Akaenda saiba.

Baadaye alinijia na karatasi mkononi. "Mwanangu, hebu nisomee. Naambiwa kesi yangu imetupwa kwa kuwa sikufika, nami sijaitwa hata siku moja."

Nilisoma. Kuitwa aliitwa, ila wito ulikwenda kwa barua pepe na simu ya kijana wa saiba. Mama hana barua pepe, kwa hivyo kijana alifungua akaunti kwa anwani yake mwenyewe ili kazi iishe upesi. Kisha kijana akaacha kazi pale. Kubwa zaidi, fomu ilidai shilingi 120,000 zote, na ile 36,000 aliyopokea haikutajwa popote. Fomu ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na chini yake ipo saini ya mama. Lau angefika mbele ya mwamuzi, mdaiwa angetoa ujumbe wa M-Pesa tu, na mwenye haki angeonekana mwongo.

Kijana yule hakuwa mwizi. Aliulizwa kiasi cha mkataba, akaandika kiasi cha mkataba. Nayo kompyuta haikumzuia, kwa sababu hukagua kama kisanduku kina kitu ndani. Kama kilichomo ni kweli au si kweli, hilo haliihusu.

Mahakama ya madai madogo ni jambo jema, na sisemi vingine. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Kwa deni la shilingi 84,000, ada ya wakili ingeweza kumeza sehemu kubwa ya alichotafuta. Na tangu Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alipozindua uwasilishaji wa kesi kwa mtandao nchi nzima, mtu hahitaji tena kubeba mafaili hadi dirisha la karani.

Lakini tujiulize: wakili akiondoka, ni nani anayekaa kwenye kiti chake? Hapa kwetu ni kijana wa saiba. Yeye ndiye anayeamua mdaiwa aandikwe nani, kiasi gani kidaiwe, ushahidi gani upakiwe. Hiyo si kazi ya kuchapa, ni kazi ya sheria. Tena kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza asiye wakili kuandaa hati za kesi kwa malipo. Kwa hivyo mfumo umemwegemea mtu ambaye sheria hiyo hiyo haimruhusu kuifanya kazi hiyo, wala hakuna aliyemfundisha.

Wapo watakaosema watu wajifunze kompyuta. Mama huyu anatumia simu vizuri, anapokea oda za mapishi kwa WhatsApp kila wiki. Kilichomshinda ni lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Lau fomu ingemuuliza, "Umelipwa kiasi gani tayari? Unadai kiasi gani kilichobaki?", angejibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mambo mawili yangetosha kwa kuanzia. Kwanza, fomu za madai madogo ziwekwe kwa Kiswahili fasaha, na maswali yawe ya kawaida. Pili, pawe na dawati kwenye kila mahakama, lenye mtu wa kumsomea mdai alichojaza kabla hajakituma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 tayari inaitaka serikali iwasaidie wasio na uwezo, na msaada wa aina hii hauna gharama kubwa.

Wakati tunangoja, tujilinde. Ukienda saiba, toa nambari yako mwenyewe ya simu. Barua pepe ifunguliwe kwa jina lako na neno la siri uondoke nalo. Usitie saini karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa, neno kwa neno. Ondoka na nakala. Na kama ni jambo la mirathi au shamba la familia, usijaribu peke yako. Kwenye deni kosa huenda likarekebishwa, lakini jina la mrithi mmoja likiachwa nje ya fomu laweza kufuta kila kilichofanyika na kugombanisha ukoo miaka mingi. Huko tafuta wakili, na kwa Waislamu mlango wa Kadhi upo.

Jirani yangu tulimwandikia ombi la kuirejesha kesi, likakubaliwa, na kiasi kikasahihishwa kuwa 84,000. Safari hii wito uliingia kwenye simu yake mwenyewe. Alinionyesha, akaniambia, "Sasa nisomee polepole, mwanangu. Nataka kujua wameniita lini."

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa Kiingereza.