Hewa ya Kamakis na Jiko la Makaa

Mwezi wa saba uliopita tulipanda treni kutoka Mombasa kwenda bara kumtazama wifi yetu, aliyekuwa amejifungua. Makao yake ni Kamakis, upande wa Ruiru, karibu na pale Eastern Bypass inapoungana na barabara ya Thika. Ni mahali panapojulikana zaidi kwa nyama choma kuliko kwa jambo jingine lolote. Tulibeba vya kumpelekea mzazi: nazi, mbaazi kavu, na mifuko ya krispi za muhogo iliyofungwa kwa moto wa mshumaa, kama zifungwavyo kwetu. Tulipofika Emali mifuko ile ilikuwa imefura mithili ya mipira, ilhali hakuna aliyeigusa.

Watoto walicheka, nasi tukacheka nao. Kumbe mifuko ile ilikuwa ikitusomesha. Hewa, wapenzi wasomaji, ina uzito. Pale Mombasa, juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi imesimama nguzo ya hewa yenye uzito wa takriban tani 10. Hatuuhisi mzigo huo kwa sababu miili yetu nayo husukuma kutoka ndani kwa kadiri ile ile. Mfuko uliofungwa ufuoni hubeba msukumo wa ufuoni. Ukipandishwa bara, hewa ya nje hupungua nguvu, na ile ya ndani hujitanua. Kamakis iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu akifika huko ameacha chini yake karibu sehemu moja katika sita ya angahewa yote. Oksijeni haibadili fungu lake: ni 21 katika kila mia, huku 78 ikiwa naitrojeni. Lakini kila pumzi moja huwa na hewa haba kuliko pumzi ya Mvita. Mgeni akipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu hulijua jambo hilo bila kuambiwa.

Mbaazi nazo zilitutesa. Tuliziinjika asubuhi ili tuzile kwa mahamri, na hadi adhuhuri zilikuwa ngumu kama changarawe. Tulimdhania vibaya aliyetuuzia, naye hana kosa. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuushinda msukumo wa hewa. Ufuoni hilo hutokea kwenye nyuzi 100 za selsiasi, na Kamakis hutokea kwenye nyuzi 95 hivi. Kuongeza makaa hakusaidii kitu. Maji yatakauka upesi tu, wala hayatazidi moto. Ndiyo maana wake wa bara huithamini sufuria ya presha, ambayo huufungia mvuke ndani na kuurudisha ule msukumo uliokosekana. (Mahamri, kwa upande wake, yaliumuka haraka kuliko nyumbani, kwani hewa iliyo nyepesi haiuzuii unga sana. Kwa hilo hatukulalamika.)

Baridi ndiyo iliyotushinda. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba kusi ni upepo wa rehema: ndio uliorudisha majahazi Uarabuni, na ndio unaotupoza baada ya joto la kaskazi. Hewa inayopanda hujitanua, na ikijitanua hupoa. Kwa wastani hupungua nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000, yaani karibu nyuzi kumi kati ya Mombasa na Kamakis. Kusi hiyo hiyo inayotoka baharini imejaa unyevu huikwea nchi polepole, ikapoa, na unyevu wake ukawa wingu. Wingu hilo huifunika Nairobi, Ruiru na Thika kuanzia Juni hadi Agosti, siku kadhaa zikapita jua lisionekane. Pwani usiku hubaki na uvuguvugu, kwa kuwa bahari i karibu na mvuke mwingi ulio hewani huzuia joto lisitoroke. Wataalamu husema kwamba lau hewa isingekuwa na mvuke na kaboni dayoksaidi, wastani wa joto la dunia nzima ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 tulizonazo. Huko bara blanketi hilo ni jepesi kidogo, na maji ya udhu wa alfajiri huuma vidole.

Basi tulifanya wafanyavyo watu wengi. Usiku wa tatu tuliingiza chumbani jiko la makaa yaliyokwisha kuiva, mekundu, yasiyo na moshi. Dirisha tulilifunga, na upenyo wa mlango tukauziba kwa leso. Tuliona tumemhifadhi mzazi na kitoto chake cha siku kumi na mbili.

Kabla ya alfajiri kichwa cha wifi yetu kilikuwa kikimgonga. Tukasema ni uchovu wa uzazi. Mtoto mkubwa alitapika. Tukasema ni krispi. Sisi wenyewe tulikuwa na kizunguzungu, tukakisingizia safari. Tulipotoka roshanini kutia udhu, vichwa vilitulia. Tuliporudi ndani, vikaanza tena. Jirani, mama mmoja Mkikuyu aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, alikuja kuuliza hali ya mzazi. Alisimama mlangoni, akalitazama jiko.

“Mama mtoto, kichwa kinawauma nyote?” aliuliza.

Tulipojibu ndiyo, hakungoja maelezo. Alikibeba kitoto, akatuamuru tutoke, akafungua dirisha, kisha akalitoa jiko. Tulikwenda hospitali kwa teksi. Mama na mwana walitiwa oksijeni, na alhamdulillahi, jioni walirudi nyumbani salama. Daktari alitwambia kwamba si kila nyumba hupata mtu wa kubisha hodi asubuhi.

Tulidhani kwamba palipo na moshi ndipo penye hatari, na kwamba makaa mekundu yamekwisha kuacha uovu wake. Sivyo. Makaa yanayowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoozi. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, hata mwili ukafa njaa ya hewa huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Mimba na watoto wachanga huathirika mapema zaidi, na huko juu ambako pumzi yenyewe ni haba, hakuna akiba ya kupoteza.

Dalili zake ndizo zile tulizozipa majina mengine: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu. Likiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na likipungua wakitoka nje, msitafute sababu nyingine. Tokeni, fungueni milango, nendeni hospitali hata kama mmeanza kujihisi vyema. Bakuli la maji kando ya jiko, ambalo tumesikia likisifiwa na watu wazima wenye hekima zao, haliizuii gesi hiyo. Jiko lipikiwe penye hewa inayopita, na litolewe nje kabla ya mtu kulala, hata likionekana limekuwa majivu.

Wenye binti, wifi au dada walioolewa Ruiru, Thika au Limuru, tunawaomba mpige simu wiki hii, kwani baridi imekwisha kuingia. Msiulize tu kama mtoto ananyonya. Ulizeni jiko linalala wapi.

La wifi yetu sasa hulala roshanini. Mzazi hulala na soksi, blanketi mbili na chupa ya maji moto iliyoviringwa leso, na dirisha huachwa wazi upana wa vidole vinne. Mbaazi huzirowesha tangu alasiri ya siku iliyotangulia, na sufuria ya presha tulimnunulia sisi.