Nzi Asiye na Ndoana

Mama mmoja, msomaji wetu wa Nairobi, ametuletea barua. Binti yake amepata kazi katika karakana ya kufunga nzi wa kuvulia samaki. Jioni moja alirudi nyumbani na kitu kidogo cha kumwonyesha mama: mrija mfupi kama kidole, umevikwa singa nyeusi, za manjano na za rangi ya chungwa. Mama akauliza, "Na ndoana iko wapi?" Binti akajibu, "Huyu hatumtii ndoana, mama." Sasa mama ataka kujua kama hii ni kazi ya maana, au ni mchezo tu wa watu wenye fedha.

Mama, swali lako ni jema, na twalijibu juma hili.

Kufunga nzi wa kuvulia si jambo geni Kenya. Samaki aina ya trauti waliletwa katika mito ya milimani mwaka 1905, na kwa miaka mingi sasa mikono ya Wakenya imefunga nzi wanaouzwa ng'ambo. Lakini nzi wa binti yako hakufungwa kwa ajili ya trauti. Ni wa samoni, samaki mkubwa wa mito ya baridi, kama Tay na Spey huko Scotland.

Samoni huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua, kisha hurudi katika mto wake ili atage mayai. Akiisha kuingia mtoni, hali tena. Basi mvuvi hawezi kumdanganya kwa njaa. Humchokoza kwa rangi. Wengine husema samaki huuma kwa hasira, wengine husema ni kwa mazoea ya baharini, na ubishi huo haujakwisha. Maji yakiwa mengi, ya baridi na yenye tope, hutakiwa nzi mkubwa mwenye rangi kali. Maji yakiwa machache na maangavu, mdogo mweusi hutosha.

Zamani manyoya yalifungwa juu ya ndoana yenyewe. Ndoana ndefu ina hatari yake: samaki akijipinda, humsaidia kama wenzo, naye huing'oa. Husimuliwa kwamba nzi wa mrija alianza Aberdeen, karibu na mwaka 1945, mikononi mwa mwanamke mfungaji wa duka la vyombo vya uvuvi la Playfair. Mshipi hupita ndani ya mrija, na ndoana fupi hufungwa mwishoni mwa mshipi. Samaki akiuma, mrija huteleza juu ya mshipi ukaepuka meno, na ndoana hubaki peke yake. Ndoana ikiwa butu, hubadilishwa. Nzi ni yule yule.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Rangi za binti yako ni zile za nzi maarufu aitwaye Willie Gunn, kwa jina la mlinzi wa mashamba ya uwindaji huko Sutherland.

Kwanza mrija hukatwa, wa plastiki au wa shaba. Ule wa shaba hutiwa mrija mwembamba wa plastiki ndani yake. Ncha ya plastiki husogezwa karibu na moto kidogo tu, mpaka ikunjuke na kufunika ukingo wa shaba. Kisha sindano nene hupitishwa ndani, nayo hubanwa katika jiliwa.

Mwili huviringishiwa hariri nyeusi, na juu yake zari ya dhahabu, mizunguko michache yenye nafasi sawa. Ndipo huja singa za mkia wa paa, zilizotiwa rangi. Chana kwanza ili utoe manyoya mafupi ya chini, changanya rangi tatu, kisha funga kifungu kidogo kidogo ukizungusha mrija robo kwa robo. Singa zipite mwisho wa mrija, zifunike ndoana itakayokuja. Usizijaze mno, singa chache hucheza majini, nyingi huwa kama ufagio. Mwisho ni kichwa: uzi ukazwe, ufungwe, upakwe vanishi, wala tone lisiingie katika tundu.

Mama, maana ya kazi iko hasa katika ule ukingo usioonekana. Ukiachwa mkali, husaga mshipi kidogo kidogo. Mshipi hukatika samaki akiwa mwisho wake, naye huenda zake na ndoana kinywani. Kosa hilo ni la mezani, lakini anayelilipa ni samaki.

Wala samoni si wengi kama zamani. Mwezi wa Desemba 2023 shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, liliwaweka samoni wa Atlantiki miongoni mwa viumbe walio karibu na hatari, na wale wa Uingereza katika hatari yenyewe. Tangu mwaka 2016 serikali ya Scotland huipima mito, na katika ile iliyopungukiwa kila samoni lazima arudishwe majini. Siku ya Jumapili ni marufuku kabisa kumvua. Ndiyo sababu wavuvi wengi hutumia ndoana isiyo na kijimwiba cha nyuma, ili itoke upesi.

Ni mchezo, ndiyo, na wachezaji wake wengi wana fedha. Lakini mfungaji hachezi. Mwambie binti yako apitishe uzi katika kila mrija na kuuvuta huku na huku kabla ya kuuweka kando. Ukikwama au ukichanika, arudie ukingo. Samaki aliye mbali, ambaye hatamwona kamwe, ataweza kwenda kutaga mayai yake.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.