Mizani ya Hatari Imo Mikononi mwa Nani?

Mnamo Julai 2023, mtandao wa eCitizen, ambamo serikali ya Kenya ilikuwa imekusanya huduma zaidi ya 5,000, ulishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mbinu yenyewe haikuwa ngeni: mitambo ilimiminiwa maombi mengi kuliko iwezavyo kujibu, ikaelemewa. Waziri wa Habari wa wakati huo, Bw. Eliud Owalo, aliutuliza umma kwa kusema kwamba hakuna data iliyopotea.

Kauli hiyo yastahili kuchunguzwa, kwani ndani yake mna kipimo. Wataalamu wa usalama wa mitandao hutazama mambo matatu: siri ya habari, usahihi wa habari, na kupatikana kwa habari zinapohitajika. Kauli hiyo haikuligusa hilo la tatu. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Faza, kisiwani Pate, aliyepanda mashua kwenda mjini Lamu kufuata hati. Mkondo wa Mkanda haupitiki kwa urahisi maji yakipwa. Kwake yeye mtambo usiojibu ni nauli iliyopotea, na huenda akalala ugenini.

Mwanahisabati Thomas Saaty wa Marekani alibuni, katika miaka ya 1970, njia ya kufanya uamuzi ambayo leo hutumiwa pia kupima hatari za mitandao. Vigezo hulinganishwa viwili viwili kwa namba 1 hadi 9, kisha kila kimoja hupewa uzito. Tujaribu kwa namba za mfano tu. Afisa akisema siri ni muhimu mara 3 kuliko kupatikana, siri hupata uzito wa 0.75 na kupatikana 0.25. Shambulio lililofunga huduma bila kuiba kitu tulipe alama 1 kati ya 10 kwa siri, na 9 kwa kupatikana. Jumla ni 3, jambo dogo. Mwachie msafiri wa Pate apange uzito kinyume cha hivyo, na shambulio lile lile lapata 7. Hesabu haikukosewa popote.

(Lugha nayo ina sehemu yake. Sisi husema "hatari" kwa kitu kinachotisha na pia kwa uwezekano wa kupata hasara. Mpimaji asiyetenganisha mawili hayo hupima woga wake mwenyewe.)

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yadai tathmini ya athari ifanywe mapema, na mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba uzinduzi wa kadi za Huduma ulikiuka sheria kwa kukosa tathmini hiyo. Lamu yaijua kesi ya namna hii: mwaka 2018 wavuvi waliodhuriwa na ujenzi wa bandari walitunukiwa na Mahakama Kuu shilingi bilioni 1.76, na miongoni mwa hoja zilizokubaliwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Basi wapimaji wa eCitizen na waende Faza, Siyu na Ndau kabla ya kupanga uzito, wawaulize watu: mtambo ukifungika leo, maji yatakuruhusu kurudi nyumbani lini?