Kupe Hakai Baharini

Wapo wasomi wanaoamini kwamba jina la kigeni likikosa mwenzake katika vitabu vyetu, basi yeyote mwenye kalamu aweza kulibunia neno papo hapo. Yule mnyama mwenye gamba gumu la chokaa, agandaye kwenye miamba ya pwani na chini ya vyombo vya baharini, wangependa tumwite "kupe wa baharini". Wengine wanasema ni chaza mdogo, yakaisha.

Hapa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, jina hilo la kwanza lina hatari yake. Mtoto wa mfugaji humjua kupe kabla hajajua kusoma. Ameona ng'ombe wakipelekwa joshoni. Amesikia wazee wakiitaja ndigana kali. Tena, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe alikuwa pia jina la mtu aishiye kwa jasho la wenzake. Mwambie mtoto huyo kwamba kuna kupe wa baharini, naye atauliza kwa haki: ananyonya damu ya nani? Ya mbao?

Mnyama huyu hanyonyi mbao. Akiwa mchanga hujigandisha kwa gundi yake mwenyewe, kichwa kikiwa chini, kisha maisha yake yote huchota chakula majini kwa miguu yenye manyoya. Hasara anayokitia chombo ni uzito na mkwaruzo unaokipunguzia mwendo. (Jamaa zake wamo wanaonyonya kaa, lakini hao hawana gamba hilo.) Wala si chaza. Ni ndugu wa kaa na uduvi, jambo alilolidhihirisha John Vaughan Thompson mwaka 1830 kwa kuwatazama watoto wake wanavyogeuka umbo. Charles Darwin naye alimchunguza kwa miaka minane, 1846 hadi 1854.

Na tusidhani Waingereza walipata neno lao kwa hekima. Lilikuwa kwanza jina la bata-bukini wa kaskazini. Watu wa Ulaya ya kale, kwa kuwa hawakupata kuyaona mayai ya ndege huyo, waliamini kwamba huzaliwa na magamba yagandayo kwenye magogo ya baharini! Kosa la kutazama kwa mbali likaingia kamusini. Nasi twataka la kwetu?

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita hawakungoja ofisi. Shimo lao waliliita duara, na mchanga uliokwisha kuoshwa marudio. Maneno yakashika kwa sababu yalitoka kazini. Vivyo hivyo wenye haki ya kumtaja mnyama huyu ni mabaharia wa Kilwa, Mafia na Lamu, ambao wazee wao walikiacha chombo kipwelewe, wakalikwangua tumbo lake, wakalipaka deheni ya shahamu na chokaa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na liwaulize hao, ufukweni, maji yakiwa yamekupwa.

Kabla jibu halijafika Kharumwa, mwalimu na aandike ubaoni: mnyama wa jamii ya kaa, mwenye gamba, agandaye. Ni maneno mengi, lakini hakuna mwanafunzi atakayemtafutia damu.