Mguu wa Kushoto Nimeuvua Kiatu

Msomaji wangu mpenzi, kama Jumapili hii unaisoma safu hii ukiwa kwenye kochi unasubiri chai, hebu fanya jambo moja dogo. Nyosha mguu wako wa kushoto, utazame, kisha uuambie: "Ewe mguu, kuanzia leo huna kazi." Utaona kwamba hautakujibu lolote. Wangu nao haukunijibu, na hapo ndipo nilipodanganyika nikadhani umenielewa.

Nieleze. Kwa miaka 23 nimeendesha pikapu ya Peugeot 504, ile ambayo gia yake ilikuwa kwenye usukani na ambayo karibu kila mtu wa umri wangu humu nchini amewahi kuipanda, iwe mbele pamoja na dereva au nyuma pamoja na viazi. Miezi miwili iliyopita niliiuza kwa mkulima mmoja, nikaongeza fedha za mkopo ambao Mama Watoto alichukua katika chama chao, tukanunua gari la familia lenye buti pana. Liliundwa Japani mwaka 2007, likateremshwa bandarini Mombasa mwaka 2014, na ukimhesabu Mjapani aliyelianza, mimi ni mtu wa nne kulimiliki. Ni otomatiki. Halina klachi.

Wajuzi watasema hiyo ni raha tupu. Binti yangu mkubwa, aliyefuzu mtihani wa udereva mwaka huu, ana leseni ya daraja la B1, yaani ile ya magari madogo ya otomatiki. Siku aliyotuonyesha nilimcheka. Nilimwambia hiyo ni nusu leseni, na kwamba dereva kamili ni yule wa B2, anayejua klachi. Alinyamaza kama mtoto aliyelelewa vizuri. Liweke jambo hilo kando, msomaji. Tutalirudia, na wakati huo nitakuwa nimeinamisha kichwa.

Mazoea yana taabu. Jumapili ya kwanza nilimpakia mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Nyanya, kumpeleka kanisani. Alikaa nyuma na kidebe cha uji mapajani, uji wa mgonjwa tuliyetaka kumpitia baada ya ibada. Tulipolikaribia tuta lililo mbele ya shule, nikataka kupunguza gia kama nilivyofanya kwa miaka 23. Mguu wa kushoto ukainuka wenyewe, ukatafuta klachi, usiipate. Sasa, kikanyagio cha breki cha gari la otomatiki ni kipana, na nusu yake imeelekea kushoto kana kwamba inaungoja mguu huo. Nao mguu uliozoea klachi haujui upole. Umezoea kusukuma kitu hadi sakafuni. Ukasukuma. Gari lilisimama kama lililogonga ukuta.

"Mwanangu, kuna nini huko mbele?" Nyanya akauliza.

"Hakuna kitu, mama."

"Mbona basi tumesimama?"

Sikuwa na jibu. Uji ulikuwa ukitiririka chini ya viti, na nyuma yetu matatu ilikuwa ikipiga honi kwa hasira, maana ilibaki kidogo tu itupande mgongoni.

Jioni hiyo Mama Watoto alitoa hukumu: kuanzia kesho nitaendesha nikiwa nimeuvua kiatu mguu wa kushoto, na mguu huo niurudishe nyuma hadi uguse kiti. Nikihisi baridi ya kapeti nitakumbuka kwamba hauna kazi. Nilicheka, kisha nikafanya hivyo kwa majuma mawili. Kama uliniona mjini nikishuka garini na kiatu kimoja mkononi, usidhani nilikuwa nimefilisika. Dawa hiyo iliniponya.

Kioja cha pili ni kwamba gari hili halipendi kusubiri. Ukiweka D na kuondoa mguu kwenye breki, linaanza kutambaa lenyewe hata kabla hujagusa mafuta. Asubuhi za baridi hutambaa kwa haraka zaidi, maana injini isiyopata joto huzunguka kwa kasi kidogo. Nilidhani limeharibika. Kumbe mahali pa klachi pana chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, na ndani yake mna kama feni mbili zinazotazamana. Moja huzungushwa na injini, na mafuta inayoyarusha huizungusha ya pili, ambayo hupeleka nguvu kwenye gia. Maadamu injini inanguruma na umeweka D au R, feni hiyo ya pili inasukumwa, na kinachozuia gari ni breki yako tu. Kwa hiyo ukisimama kumsalimu jirani, usiachie breki ili upeane mkono vizuri. Mimi niliachia. Jirani yangu alitembea pamoja na gari hatua sita, mkono wake ukiwa dirishani, tukiulizana habari za watoto.

Tatu, mkono wa gia hukataa kutoka kwenye P mpaka ukanyage breki, na ufunguo nao hukataa kuchomoka mpaka urudishe P. Niliona huo ni ukaidi mtupu, hadi nilipojua asili yake. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na malalamiko mengi kule Marekani kwamba magari ya otomatiki yanaruka yenyewe mara tu yanapotiwa gia. Serikali ya huko ilichunguza, na ripoti iliyotolewa mwaka 1989 ikaonyesha kwamba mara nyingi dereva alikuwa amekanyaga mafuta akidhani ni breki. Ndiyo sababu kufuli hiyo ikaenea: kwanza mguu uwe kwenye breki, ndipo gari likukubalie.

Kisha yuko mwanamke wa Kijapani. Kila ninapowasha gari huzungumza, kwa heshima na kwa haraka, halafu hunyamaza hadi safari nyingine. Watoto humwiga. Nyanya humwitikia, "Nzuri, mama, na nyinyi je?" Niliuliza, nikaambiwa hiyo ni sauti ya kifaa kinachotumika kwenye barabara za kulipia huko kwao, na kwamba anachotukumbusha ni kuwa kadi haijaingizwa. Masikini, amekuwa akiidai kadi hiyo tangu bandarini. Redio nayo ni ya kwao. Kwa miaka mingi redio za magari ya Japani zilitengenezewa masafa ya 76 hadi 90 pekee, ilhali stesheni zetu nyingi za FM ziko juu ya 90. Fundi alitutilia kifaa kidogo cha kuyashusha masafa, na sasa tunasikia kila kitu, ila namba inayoonekana kwenye redio hailingani kamwe na ile anayoitaja mtangazaji.

Na kama utaona taa ya manjano iliyoandikwa O/D OFF kwenye dashibodi, usikimbilie kwa makanika kama nilivyotaka kufanya. Ubavuni mwa mkono wa gia mna kitufe kidogo, na kitinda mimba wetu alikuwa amekibonyeza. Taa hiyo ikiwaka, gari haliingii gia yake ya juu kabisa. Injini hubaki ikipiga kelele barabarani huku petroli ikiisha upesi. Bonyeza tena, taa itazimika.

Hayo yote ni ya kuchekesha. Hili linalofuata halichekeshi.

Jumamosi ya majuzi tulimrudisha Nyanya kwake, upande wa Narok. Kutoka Rironi tulishika ile barabara inayoteremka Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wewe uliyeipita unaijua: upande mmoja mlima, upande wa pili Bonde la Ufa limetandazwa chini yako, na katikati malori yanajikokota. Tulikuwa watano garini, pamoja na mizigo.

Katika pikapu yangu nilikuwa na tabia moja ambayo leo naiungama mbele yako. Kwenye mteremko nilikuwa nikiiweka huru, eti kubana petroli. Nikafanya vivyo hivyo. Nikausukuma mkono wa gia hadi N. Injini ikanyamaza, gari likaserereka kwa utamu. Mama Watoto akasema, "Baba, mbona linakwenda mbio hivi?" Nikamjibu kwamba magari ya kisasa ndivyo yalivyo. Nikawa nakanyaga breki, naachia, nakanyaga tena. Baada ya kona kama tano nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikasema hiyo ni ya lori lililo mbele. Kwenye kona iliyofuata nilikanyaga breki, ikashuka chini kuliko kawaida, na gari halikupunguza mwendo nilivyotarajia. Lori lilikuwa limejaa saruji. Upande wa pili basi lilikuwa likipanda.

Sauti ikatoka nyuma yangu, haikupazwa hata kidogo. "Baba, weka D." Nikaweka. "Kanyaga breki kwa nguvu, usiiachie. Sasa vuta hadi 2." Nikavuta. Injini ilipiga kelele kama fahali anayevutwa kwa kamba, pua ya gari ikainama, na mwendo ukakatika. Tulilifikia lori tukiwa na nafasi ya kupumua, basi likapita, na tukaendelea kuteremka polepole tukiwa kwenye 2 hadi chini, nyuma ya saruji ile ile, bila mimi kutamani hata mara moja kuipita.

Chini ya mteremko lipo lile kanisa dogo lililojengwa na Waitaliano hao. Niliegesha karibu nalo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi mwembamba. Mama Watoto alishuka, akaenda kusimama peke yake kando ya barabara, mgongo akitupa sisi, na alikaa hivyo kwa muda mrefu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilimwuliza binti yangu alijifunza wapi jambo lile. "Mwalimu alitufundisha siku ya kwanza, baba," akasema. "Nilidhani unajua."

Niambie, msomaji, mzazi hujibu nini hapo? Nilikuwa nimemcheka mbele ya wadogo zake, naye alikaa kimya nyuma yangu kona tano nzima, akisikia harufu ile, kwa sababu ya adabu. Nililomfundisha nyumbani, kwamba mkubwa hasahihishwi, lilikuwa karibu kutumaliza sote watano. Nilimwomba radhi pale pale, Nyanya akisikia. Tukangoja hadi breki zikapoa, kisha nikampa ufunguo. Alipowasha gari, yule mama wa Kijapani akasema yake. Nyanya alilitazama kanisa, akaitikia, "Amina."

Sasa sikiliza nililojifunza, ili wewe usilipie. Ukiweka N, magurudumu hayana uhusiano wowote na injini, na uzito wote wa gari unabaki juu ya breki. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, hata uzikanyage kwa miguu yote miwili. Ukiweka 2 au L, injini yenyewe hulishika gari. Punguza mwendo na uweke gia hiyo kabla mteremko haujaanza, usingoje harufu. Kwenye magari mengine utakuta B, S au M badala ya namba. Uliza ya kwako ni ipi. Na ile petroli niliyodhani naibana? Gari la siku hizi likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, kompyuta yake huikatia injini petroli. Kwenye N injini hulazimika kuichoma ili isizimike. Nilikuwa napoteza kote kuwili.

Mengine ni mepesi. Gari la klachi likiishiwa batri, vijana watano wakisukuma linawaka. La otomatiki wengi watasukuma hadi jua lizame, kwa sababu pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimika magurudumu hayawezi kuiamsha. Nunua nyaya za kuazima moto kwa jirani. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali livutwe kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yako chini. Gia zitajisaga zikiwa kavu.

Ukiegesha mlimani, shika breki ya mguu, vuta breki ya mkono, ndipo uweke P. Ukiweka P kwanza na kuachia, gari zima huegemea kidole kidogo cha chuma kilichomo ndani ya gia, na siku ya kuondoka utasikia kishindo. Na mafuta ya gia yasiwe yale aliyobakiwa nayo fundi kwenye mtungi. Yawe ya aina iliyoandikwa kwa ajili ya gari lako. Yakibadilika rangi kuwa meusi na kunuka kuungua, yameshakwambia.

Lakini kama una mtoto nyumbani aliyejifunza gari hivi karibuni, kabla hujaenda kwa fundi yeyote, mkalishe kiti cha mbele, umwambie ana ruhusa ya kusema. Binti yangu sasa hukaa hapo. Jana amenikosoa mara mbili kabla hatujatoka langoni.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.